Majani ya bitiruti, karoti na muhogo: yapi ya sufuria, yapi ya nguruwe, yapi ya shimo

Swali: Nina hoteli ndogo ya chakula na juisi karibu na soko la Kalerwe, Kampala. Bitiruti na karoti nanunua na majani yake, na kila jioni gunia zima linakwenda kwenye takataka. Nyumbani Wakiso tuna shamba dogo la viazi vitamu, muhogo na mayuni (magimbi). Msichana ninayefanya naye kazi, ambaye kwao ni Arua, anashangaa tunavyotupa majani ya muhogo. Jirani yangu naye anasema majani ya karoti ni sumu. Yapi yanaliwa, yanapikwaje, na yasiyoliwa niyafanyie nini?

Jibu: Dada, jirani yako amesikia neno "sumu" akalipachika kwa mmea usio wake. Majani ya karoti hayana sumu; ni machungu tu. Sumu ipo kwenye majani ya muhogo, yale yale anayoyasifu msichana wa Arua, na watu wa kwao huyala kwa sababu wanajua kuitoa. Kwa hiyo kosa kubwa hapa ni kuyaona majani yote kama kitu kimoja na kuyatia sufuria moja. Bitiruti ni jamii moja na spinachi, karoti ni jamii ya dania, figili ni jamii ya sukuma wiki. Mihogo, mayuni na viazi vya ayirishi (viazi mviringo) kila kimoja kina mambo yake. Ukiyatenga tangu mwanzo, nusu ya kazi imekwisha.

Nianze na bitiruti, maana hapo ndipo unapopoteza pesa. Ile mboga inayouzwa kwa jina la spinachi katika masoko yetu, yenye majani mapana na bua nene jeupe, kitaalamu ni bitiruti iliyozalishwa kwa ajili ya majani badala ya mzizi. Unatupa mboga jioni, halafu asubuhi unanunua ndugu yake. Jani changa la bitiruti, lisilozidi urefu wa kiganja, ni laini kuliko la spinachi yenyewe. Lililokomaa lina ladha kali kidogo ya udongo, lakini vitunguu na karanga vinaifunika.

Kazi inaanzia pale unapopokea mzigo. Kata majani mara moja, ukiacha bua la kama sentimita 2 au 3 juu ya mzizi wa bitiruti ili usivuje rangi unapochemshwa. Karoti ikate karibu kabisa na kichwa. Majani yakibaki yameshikana na mzizi yanaendelea kunyonya maji yake, na ndiyo sababu karoti ya asubuhi inapinda kama kamba ifikapo jioni. Majani yenyewe yafunge kwa kitambaa kibichi, uyaweke kwenye kikapu kivulini. Yatafika kesho asubuhi yakiwa hai. Kwenye friji, ndani ya kavera (mfuko wa plastiki) lenye matundu, hukaa siku 3. Ukiyafungia kwenye kavera lisilopitisha hewa na kuliacha karibu na sigiri (jiko la makaa), yataanza kuteleza na kunuka kabla ya usiku kuingia.

Osha kabla ya kukata, wala si baadaye, maana jani lililokatwa linapoteza vitamini kwenye maji. Tumia beseni la maji mengi, yatikise majani, kisha yainue kwa mikono uyahamishie beseni la pili. Usimwage maji ukiwa umeyaacha ndani: mchanga uliotuama chini utayarudia. Rudia mpaka beseni lisibaki na mchanga, kwa kawaida mara 3. Na umuulize anayekuuzia ni lini shamba lilipuliziwa dawa. Majani hupokea dawa nyingi kuliko mzizi uliofukiwa ardhini, na maji ya chumvi hayaondoi dawa kama watu wanavyoamini. Ikiwa muuzaji hajui, au unaona unga mweupe au wa kijivu umeganda kwenye majani, hayo usimpikie mtu wala usimpe mnyama.

Sasa sufuria. Kwa kilo 1 ya majani na mabua ya bitiruti utahitaji vitunguu 2, nyanya 3, vijiko 3 vya mafuta na gramu 150 za karanga za kusagwa, na utapata kitoweo cha watu 5 au 6. Tenga mabua na majani. Mabua yakate vipande vya sentimita 1, majani uyakate mapana. Chemsha majani peke yake kwenye maji mengi kwa dakika 2 au 3, uyachuje, na maji hayo uyamwage. Hapa wapishi wengi hukasirika, wakisema tunamwaga vitamini, na kwa sehemu ni kweli. Lakini bitiruti ina oksaleti nyingi, kitu kinachoshikana na madini ya kalisi na, kwa watu wenye mwelekeo huo, kujenga mawe kwenye figo. Sehemu kubwa ya oksaleti inayoyeyuka hutoka na maji hayo. Kwa hoteli inayolisha watu usiowajua afya zao, mwaga.

Kaanga vitunguu, tia mabua kwanza uyape dakika 5, kisha nyanya mpaka zivunjike. Karanga zikoroge pembeni kwa maji ya vuguvugu, vikombe 2 hivi, ndipo uzimimine. Ukizitia kavu zinashikana madonge na ndani yanabaki mabichi. Acha zichemke kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20, ukikoroga kutoka chini, mpaka uone mafuta yanapanda juu. Majani yaliyochujwa yaingie dakika 3 za mwisho. Mchuzi utakuwa wa rangi ya waridi, jambo ambalo kwingine lingemshangaza mteja, lakini Kampala binyebwa yenyewe, yaani mchuzi wa karanga, ina rangi hiyo kutokana na ngozi nyekundu ya karanga, kwa hiyo hakuna atakayeuliza. Inakwenda vizuri na matooke (ndizi za kupika) au posho (ugali).

Kwa kuwa unauza juisi, utashawishika kutia majani mabichi ya bitiruti kwenye blenda. Usiifanye kuwa kinywaji cha kila siku cha mtu yeyote: yakiwa mabichi oksaleti yote inabaki ndani ya glasi. Mgonjwa wa figo hafai hata kupewa yaliyopikwa bila ruhusa ya daktari, kwa sababu majani ya bitiruti yaliyopikwa yana zaidi ya miligramu 900 za potasiamu katika kila gramu 100. Na anayetumia dawa ya warfarini ya kuzuia damu kuganda asianze ghafla kula mboga hii kwa wingi, kwa maana vitamini K yake inapingana na dawa hiyo. Mboga iliyobaki usiku bila kuingia kwenye friji usiipashe moto asubuhi, hasa kwa mtoto mdogo.

Majani ya karoti ni kiungo, si mboga. Ukiyapika kama dodo (mchicha) utapata sahani ya nyuzi chungu, na mteja hatarudi. Yafikirie kama dania au pasli. Chukua vikombe 2 vilivyoshindiliwa vya yale manyoya laini, uache mabua manene. Yatumbukize kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kwa dakika 1, uyatoe na kuyatia kwenye maji baridi, kisha uyakamue sawasawa. Yatwange au yasage pamoja na nusu kikombe cha karanga zilizokaangwa, punje 2 za kitunguu saumu, pilipili mbichi 1, maji ya limau 1, chumvi, na mafuta ya kutosha kufanya uji mzito. Hiyo ni chatini ya kupaka muchomo (nyama choma), gonja (ndizi tamu za kuchoma), mihogo ya kukaanga au chapati. Ikiwa bado ni chungu, hukukamua vya kutosha, au majani yalikuwa ya karoti zilizozeeka shambani. Ongeza karanga na limau badala ya sukari.

Angalizo moja kwenye chatini hiyo: kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta, nje ya friji, ni mazingira yanayopendwa na bakteria wa botulizimu, ambao hawana harufu wala hawabadilishi ladha. Ikiwa huna friji, tengeneza ya siku hiyo na iishe siku hiyo. Kwenye friji ipe siku 4.

Mabua manene ya karoti yafunge kama ufagio mdogo, uyatie kwenye supu ya mifupa kwa dakika 20 za mwisho, kisha uyatoe. Fungu la ukubwa wa kidole gumba linatosha lita 3. Wenye ngozi nyepesi kudhurika wavae glavu wanapochambua majani mengi, kwa maana utomvu wake ukikutana na jua huweza kuacha vipele au madoa. Na kamwe usichume porini mmea kwa sababu unafanana na karoti. Jamii hiyo ina ndugu wabaya wanaoua.

Figili na tanipu, ukizipata, ni rahisi: zipike kama sukuma wiki. Vinyweleo vinavyokwaruza vinaisha kwa moto.

Tuje nyumbani Wakiso. Majani ya viazi vitamu, yaani matembele, hayahitaji ujanja wowote. Chuma ncha za sentimita 10 hadi 15 pamoja na majani yake machanga, ondoa vikonyo vikavu, chemsha dakika 3, kisha kaanga na vitunguu au upike na karanga. Ila usichume kila unapopita. Majani ndiyo yanayokilisha kiazi kilicho chini. Tuta linalonyolewa kila wiki litakupa mboga nyingi na viazi kama vidole. Anza mmea ukiwa na wiki 6 hivi, chuma kila baada ya wiki 2 au 3, na usichukue zaidi ya theluthi ya ncha za mmea mmoja.

Siku ya kuvuna viazi ndipo marando, yaani mashina yake yanayotambaa, yanapotupwa kwa mkumbo, na hapo kuna mambo matatu ya kuokoa. Sentimita 30 za kwanza kutoka kwenye ncha ni mbegu: zikae kivulini siku 2 au 3 ndipo zipandwe. Sehemu ya chini, karibu na shina, usiipande, kwa sababu fukusi wa viazi hutaga mayai kwenye marando yaliyokomaa na utakuwa unahamisha adui kwa mikono yako. Mmea wenye majani madogo yaliyojikunja na yenye unjano una virusi. Unaweza kula majani yake, lakini usiuchukulie mbegu. Kilichobaki chote ni chakula cha ng'ombe, mbuzi, sungura na nguruwe.

Marando yakiwa mengi kuliko midomo ya wanyama, tengeneza saileji, yaani chakula cha mifugo kilichovundikwa bila hewa. Yakate vipande vya sentimita 2 hadi 5, yaanike siku moja yanyauke, kisha kila kilo 100 ichanganye na kilo 10 za pumba za mahindi na nusu kilo ya chumvi. Shindilia ndani ya mfuko mzito wa plastiki au pipa, kidogo kidogo, ukikanyaga kila tabaka, mpaka hewa iishe, kisha funga barabara. Baada ya siku 30 hivi itakuwa tayari: rangi ya kijani iliyofifia, harufu kali ya uchachu unaopendeza. Ukikuta weusi, utelezi au ukungu, hewa iliingia. Sehemu hiyo itupe. Sababu ni moja kati ya tatu, marando yalikuwa mabichi mno, hukukanyaga vya kutosha, au panya walitoboa mfuko. Panya ndio ninaowashuku kwanza.

Majani ya muhogo, sombe au kisamvu, yanahitaji usikivu wako wote. Ndani ya jani kuna linamarini, na pembeni yake, katika chumba kingine cha seli, kuna kimeng'enya kinachoweza kuivunja. Jani likiwa zima viwili hivyo havikutani. Ukilitwanga vinakutana, linamarini inavunjika, na inayotoka ni sumu ya sianidi, ambayo huruka kama hewa kwenye joto la nyuzi 26 hivi tu. Kwa hiyo kutwanga si kwa ajili ya ulaini. Ndiko kunakotoa sumu. Na ndiyo maana wanaochovya majani mazima kwenye maji ya moto kwanza, ili yawe mepesi kutwanga, wanajidhuru: moto unaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na sehemu ya linamarini inabaki imelala ndani ya mboga.

Chuma majani ya juu, yaliyo laini, ondoa vikonyo, osha kwa maji baridi. Twanga kwenye kinu dakika 10 au zaidi mpaka yawe kama unga mbichi. Blenda inafaa pia ukitumia maji baridi. Yatandaze membamba kwenye sinia safi, kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Yaoshe kwa maji mara 2 au 3, ukikamua kila mara na kumwaga maji hayo mahali ambapo kuku na mbuzi hawatayanywa. Kisha chemsha bila kifuniko, mahali penye hewa, nusu saa mpaka saa nzima. Ukifunika, mvuke unaogeuka matone unarudi na kile ulichotaka kitoke. Baada ya hapo ndipo utie vitunguu, karanga au, kama wanavyopenda Bundibugyo na Kasese kwa ujirani wa Kongo, mafuta ya mawese.

Tia na mukene (dagaa). Sianidi kidogo inayobaki mwili huitoa kwa kutumia protini zenye salfa, na hizo ndizo pungufu kwenye majani ya muhogo, ilhali samaki anazo. Mchanganyiko huo umezoeleka tangu zamani na una akili kuliko unavyoonekana. Ikiwa hujui muhogo wako ni mtamu au mchungu, uchukulie kuwa mchungu. Mtu akila sombe akapata kizunguzungu, kichefuchefu na moyo kwenda mbio ndani ya saa chache, apelekwe hospitali mara moja. Asipewe maziwa na kusubiriwa.

Mbuzi asiachiwe majani mabichi ya muhogo, wala yaliyonyauka nusu. Kata vipande vidogo, anika kwenye turubai siku 2 au 3 mpaka yavunjike yakikunjwa. Yakiwa makavu hivyo unaweza kuyasaga na kuyachanganya na chakula cha kuku wa mayai, yasizidi kilo 5 katika kila kilo 100. Kiini cha yai kitazidi kuwa cha njano.

Mayuni yana sindano ndogo za oksaleti ya kalisi zinazochoma koo na mikono. Paka mafuta mikononi kabla ya kuchambua. Chagua jani changa ambalo bado limejikunja, ondoa mshipa mkuu, chemsha dakika 45 na kuendelea, mwaga maji, kisha pika na limau au ukwaju. Likiwasha ulimi, halijaiva, rudisha motoni. Si kila aina ya mayuni ina jani la kuliwa, kwa hiyo kula ile ambayo wenyeji wa hapo tayari wanaila, na usiwape nguruwe yakiwa mabichi.

Majani ya viazi vya ayirishi hayapikiki. Yana solanini, ambayo haitoki kwa kuchemsha, kukausha wala kutwanga. Asile mtu, asile mbuzi, asile sungura. Kwa bahati mbaya yanafanana na mboga nyingine machoni pa mtoto anayetumwa kuchuma, kwa hiyo mwonyeshe shina lenyewe kabla hujamtuma. Mimea iliyonyauka ghafla ikiwa ya kijani bado, na shina lake likikatwa linatoa utelezi mweupe kwenye glasi ya maji, ina mnyauko wa bakteria: ing'oe na udongo wake, uichome au uizike mbali na shamba, isiingie kwenye mboji.

Kinachobaki baada ya yote hayo, mabua magumu, majani ya njano na yaliyoliwa na wadudu, kifanye mboji hapo hapo nyuma ya hoteli au ukibebe kwa boda kupeleka Wakiso. Tangu jaa kuu la takataka la Kiteezi lilipoporomoka Agosti 2024, takataka za sokoni Kampala si jambo la kusukumia wengine tu. Ndoo 1 ya majani mabichi iende na ndoo 2 za vitu vikavu: majani makavu ya ndizi yaliyokatwakatwa, maranda, nyasi. Tabaka la sentimita 15 hadi 20, udongo kidogo juu, unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, na ugeuze kila wiki. Kwa miezi 2 au 3 itakuwa nyeusi na yenye harufu ya msitu baada ya mvua. Ikinuka kama mkojo, mabichi yamezidi. Ongeza makavu na uigeuze siku hiyo hiyo, kabla inzi na majirani hawajafika.